Elias Howe na Cherehani

Mtu apitaye katika mitaa ya Ngamiani mjini Tanga, au penye maduka ya Pangani na Muheza, husikia mlio mmoja utokao barazani, nao ni mlio wa cherehani ya miguu. Fundi huketi kitini, miguu yake hukanyaga kibao cha chuma kilicho chini ya meza. Kibao huzungusha gurudumu kubwa, ukanda wa ngozi hulizungusha gurudumu dogo lililo juu, na sindano hupanda na kushuka upesi kuliko jicho liwezavyo kuifuata. Fundi huyu ashona kanzu, yule apinda kanga, na wa tatu ameletewa suruali ya mtoto wa shule iliyotoboka magotini, naye aitililia, yaani aziba tundu kwa nyuzi mpaka pawe kana kwamba hapakutoboka kamwe. Waijuao kazi hii ni wengi. Lakini ni wachache wamjuao mtu aliyetaabika miaka mingi mpaka sindano ikapata kushona pasipo kushikwa na vidole. Jina lake ni Elias Howe, mtu wa Marekani, na habari za maisha yake ni hizi.

Elias Howe alizaliwa tarehe 9 Julai 1819 katika kijiji cha Spencer, jimbo la Massachusetts. Baba yake alikuwa mkulima, tena alikuwa na vinu vya kusaga nafaka na kupasua mbao, vilivyoendeshwa kwa nguvu ya maji ya mto. Walakini mapato yalikuwa kidogo na watoto walikuwa wengi, ikawa sharti kila mtoto afanye kazi. Elias alipokuwa wa miaka sita alikaa pamoja na ndugu zake wakichomeka meno ya waya katika vipande vya ngozi, navyo vilitumika viwandani kwa kuchambulia pamba. Hivyo tangu utoto alizoea kutumia vidole vyake kwa kazi ndogo ndogo zitakazo uangalifu. Shuleni alikwenda wakati wa baridi tu, wakati kazi za shamba zilipopungua. Tena alikuwa akichechemea, na mwili wake haukuwa na nguvu. Alipopata miaka kumi na mmoja alipelekwa kwa mkulima jirani afanye kazi huko, lakini kazi ya jembe ilimshinda, akarudi nyumbani kwenye vinu vya baba yake. Mitambo ile ndiyo aliyoipenda.

Mwaka 1835, alipokuwa kijana wa miaka kumi na sita, aliaga wazazi wake akaenda mji wa Lowell, akapata kazi katika karakana iliyotengeneza mitambo ya viwanda vya pamba. Hapa yafaa msomaji akumbuke jambo moja. Siku zile zile viwanda vya Massachusetts vilikuwa vikifuma nguo nene nyeupe ya pamba, na merikebu zilizotoka bandari ya Salem ziliileta mpaka Unguja, hasa baada ya mwaka 1833, Sultani Seyyid Said alipofanya mkataba wa biashara na Marekani. Watu wa pwani waliiita nguo ile marekani, kwa jina la nchi itokako. Kutoka Unguja ilivushwa kwa majahazi mpaka Pangani na Tanga, na kutoka huko wapagazi waliichukua vichwani mpaka bara ya mbali, ikawa kama fedha ya kununulia vyakula na pembe za ndovu. Basi wakati Elias alipokuwa akitengeneza mitambo ya pamba, watu wa pwani hii walikuwa wakivaa nguo iliyofumwa katika jimbo lake. Mitambo iliweza kusokota uzi na kufuma nguo kwa upesi mwingi. Lakini nguo ikiisha kufumwa, huko Marekani na huku pwani pia, kushona kulikuwa kazi ya mkono, tundu baada ya tundu, kama watu walivyoshona tangu zamani za kale.

Mwaka 1837 biashara iliharibika katika Marekani yote, viwanda vingi vikafungwa, na Elias akaondoka Lowell kutafuta kazi mahali pengine. Mwisho alifika Boston akaajiriwa na fundi mmoja jina lake Ari Davis, aliyetengeneza saa na vyombo vya mabaharia na vya wataalamu. Siku moja watu walikuwa wakizungumza katika karakana ile, na mmoja wao akasema kwamba mtu awezaye kuvumbua mtambo wa kushona atakuwa tajiri. Wengine waliyasahau maneno hayo kabla ya jua kuchwa. Elias hakuyasahau.

Mwaka 1841 alimwoa mke, jina lake Elizabeth, na Mungu akawajalia watoto watatu. Mshahara wake ulikuwa dola tisa kwa juma, nao haukutosha. Tena mara nyingi alirudi jioni amechoka hata asiweze kula, akajilaza kitandani. Mkewe alipoona chakula chapungua, alichukua nguo za watu akazishona nyumbani kwa ujira mdogo. Watoto wakiisha kulala, yeye alikaa karibu na taa akishona mpaka usiku wa manane. Elias alikuwa akimtazama kutoka kitandani: mkono wamchoma nguo, wavuta uzi, warudi, wachoma tena. Alihesabu moyoni ni mara ngapi mkono ule utakwenda na kurudi kabla vazi moja halijakwisha. Ndipo yale maneno aliyoyasikia karakanani yakawa ni kitu kingine. Kwanza yalikuwa habari ya utajiri. Sasa yalikuwa habari ya macho na vidole vya mkewe.

Akaanza kujaribu. Mwanzo alifikiri kwamba mtambo sharti uige mkono wa mtu. Alitengeneza sindano yenye ncha mbili na tundu katikati, ipite katika nguo huku na huku. Miezi ikapita, na mtambo ule haukushona vema. Hata mwaka 1844 alitambua kosa lake. Mtambo hauna haja ya kufanya kazi kwa njia ya mkono, maadamu mshono utakuwa imara. Alikumbuka mitambo ya kufuma aliyoiona Lowell, ambamo uzi mmoja hulala ukingojea, na mwingine hupitishwa kati yake. Basi akafanya mambo mawili. La kwanza, alilitia tundu la uzi karibu na ncha ya sindano, si upande wa nyuma kama sindano ya mkono. La pili, alitumia nyuzi mbili. Sindano huchoma nguo na kuuingiza uzi wake upande wa pili; ikianza kurudi, uzi hulegea ukafanya kitanzi; ndipo chombo kidogo chenye umbo la mashua, kilichochukua uzi wa pili, hupita ndani ya kitanzi kile. Sindano ikiisha kurudi, nyuzi mbili zimeshikana katikati ya nguo, na mmoja ukikatika, mshono wote haufumuki upesi. Kila cherehani ishonayo barazani leo kwa nyuzi mbili, wa juu na wa chini, inafuata njia hiyo.

Lakini wazo pasipo chuma halishoni, na chuma hununuliwa kwa fedha. Elias alikuwa na rafiki, George Fisher, aliyesoma naye, ambaye aliuza kuni na makaa ya mawe katika mji wa Cambridge. Fisher alikubali kumkaribisha Elias na jamaa yake nyumbani kwake, tena kutoa dola 500 za kununulia vyombo, kwa sharti kwamba nusu ya faida itakuwa yake. Majirani walimwona Fisher kuwa mpumbavu. Elias alifanya kazi darini majira yote ya baridi. Mwezi wa Aprili 1845 mtambo ulishona mshono mzima, na mwezi wa Julai ulishona mavazi mawili ya sufu, moja la Fisher na moja lake mwenyewe.

Akauchukua mtambo mpaka kiwanda cha mavazi mjini Boston, watu wauone. Mshonaji mmoja hakusadiki, basi wakafanya mashindano. Walichaguliwa wanawake watano hodari wa kushona, kila mmoja akapewa mshono mmoja, na Elias akapewa mishono mitano peke yake. Mtambo ulipiga mishono 250 kwa dakika moja. Elias alimaliza kwanza, na kazi yake ilionekana kuwa safi na imara kuliko zote. Watu walistaajabu, wakamsifu, wakaenda zao. Walakini hapakuwa na hata mmoja aliyenunua. Mtambo mmoja ulikuwa wa bei ya dola 300 hivi, na mafundi waliogopa kwamba utawanyang'anya riziki. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Maelfu ya wanawake maskini walipata mkate kwa sindano zao, na mtu mwenye njaa hafurahii chombo kifanyacho kazi ya watu watano. Mtu wa kwanza kutumia mitambo ya kushona katika kiwanda huko Ufaransa, Barthélemy Thimonnier, alivunjiwa mitambo yake na washonaji wenye hasira mjini Paris mwaka 1831. Naye Walter Hunt wa New York alikuwa amefanya mtambo wenye sindano ya namna ya Howe kabla Howe hajaanza, lakini aliuacha pasipo kuuandikisha.

Elias aliuandikisha wake kwa serikali ya Marekani tarehe 10 Septemba 1846, ili mtu asiutengeneze pasipo ruhusa yake. Kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wanunuzi, ndugu yake Amasa aliuchukua mtambo mmoja akasafiri mpaka Uingereza. Huko London mtu mmoja, William Thomas, mwenye kiwanda cha nguo za ndani za wanawake, aliununua mtambo pamoja na haki ya kuutumia Uingereza kwa paundi 250, akataka Elias mwenyewe aje aufanye ufae kwa kazi ya kiwanda chake. Elias akavuka bahari mwaka 1847, kisha mkewe na watoto wakamfuata. Walakini baada ya miezi minane alikosana na tajiri wake akatoka kazini. Sasa alikuwa katika mji mkubwa wa kigeni, hana mshahara, na mkewe alikuwa ameanza kukohoa. Akakopa nauli, akawarudisha jamaa zake Marekani, naye akabaki peke yake. Hata fedha zilipokwisha kabisa aliweka rehani mtambo wake wa kwanza na hati yake ya serikali, apate nauli ya kurudi.

Alishuka New York mwezi wa Aprili 1849 akiwa na fedha kidogo sana mfukoni. Mara alipata habari kwamba mkewe yu mahututi huko Cambridge kwa ugonjwa wa kifua. Hakuwa na nauli ya kwenda, ikambidi angoje mpaka baba yake alipompelekea dola kumi. Alifika, akamkuta mkewe yu hai bado, akasimama kando ya kitanda chake, na baada ya muda mfupi Elizabeth akafa. Kwenye mazishi Elias alivaa nguo za kuazima. Mwanamume aliyefundisha chuma kushona hakuwa na vazi moja jema la kumzikia mkewe, na mkewe, ambaye kwa ajili ya vidole vyake kazi ile ilianza, hakupata raha hata siku moja kwa mtambo ule. Haikupita muda ikaja habari kwamba merikebu iliyochukua vitu vyao vichache vya nyumbani kutoka Uingereza imevunjika baharini.

Hapo ndipo Elias alipogundua kwamba, alipokuwa mbali, watu wengine wameanza kutengeneza cherehani na kuziuza, nazo zilitumia sindano yake na nyuzi zake mbili. Aliyesifika kuliko wote alikuwa Isaac Singer. Elias hakwenda kuvunja mitambo yao wala kuwatukana njiani. Rafiki zake walituma fedha London, mtambo na hati vikakombolewa, na baba yake akamsaidia kwa mali yake, akaenda mahakamani. Kesi zilichukua miaka kadhaa. Mwaka 1854 mahakama iliamua kwamba haki ni yake, na Singer akamlipa dola 15,000. Mwaka 1856 wenye viwanda wakubwa walipatana kuunganisha haki zao, na kwa mapatano hayo Elias alipokea dola tano kwa kila cherehani iliyouzwa Marekani. Baadaye ikawa dola moja. Mtu yule aliyezika kwa nguo za kuazima akapata kwa jumla dola milioni mbili hivi.

Yafaa kusema kweli juu ya Singer na wenziwe pia, maana cherehani ijulikanayo leo si kazi ya mtu mmoja. Mtambo wa Howe uliweza kushona mshono ulionyoka tu. Nguo ilitungikwa katika misumari ya kibao, na kibao kilipofika mwisho sharti nguo iondolewe na kutungikwa tena. Kukata kona hakukuwezekana. Singer aliilaza nguo juu ya meza, akaifanya sindano isimame wima, akaweka kiguu cha chuma cha kuikandamiza nguo, na mtambo wake uliweza kuendeshwa kwa miguu, mikono yote miwili ikawa huru. Allen Wilson alitia meno madogo chini ya nguo, ambayo hupanda, husukuma, hushuka na kurudi, ikawa nguo yaenda mbele yenyewe na fundi aweza kuigeuza apendavyo.

Hata hivyo, mafundi walipotaka kutililia na kudarizi, waliona kwamba meno hayo na kiguu kile huwazuia. Mtu azibaye tundu hataki nguo iende mbele tu. Ataka iende mbele, nyuma na kando. Basi hufanya hivi. Huondoa kiguu, huyafunika meno kwa kibati, na huishika nguo katika duara mbili za mti zinazoingiana, mpaka ikazike kama ngozi ya ngoma. Kisha hulishusha wenzo la kiguu, ingawa kiguu hakipo, maana lisiposhuka uzi wa juu hulegea na kufanya vifundo chini. Huanza kukanyaga polepole, kwa mwendo mmoja, wala haliachi gurudumu lirudi nyuma, uzi usije ukakatika. Mikono yake huipeleka nguo huku na huku mpaka nyuzi zimelala juu ya tundu kama mtande wa mfumaji. Halafu huigeuza nguo na kupita kwa kukingamana nazo, mpaka tundu limejaa nguo mpya. Akiipeleka nguo kwa mviringo badala ya mstari, hupata ua, au jani, au jina la mwenye nguo. Katika kazi hii cherehani hufanya upesi wa sindano tu. Uzuri wote watoka katika mkono wa fundi na subira ya mguu wake. Kwa hiyo wale waliodhani kwamba mtambo utaondoa ufundi wa mkono hawakuona mbali.

Mwaka 1861 vita vilitokea Marekani, majimbo ya kaskazini na ya kusini yakapigana, na jambo kubwa lililogombaniwa lilikuwa utumwa. Pamba ya kusini haikufika viwandani, na hata pwani ya Afrika nguo ya marekani iliadimika, nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikashika mahali pake. Elias, aliyekuwa tajiri sasa, mwaka 1862 alijiandikisha katika kikosi cha 17 cha Connecticut, si kama mkubwa bali kama askari wa kawaida. Kwa ajili ya mguu wake hakuweza kwenda mwendo mrefu, basi akapewa kazi ya kuchukua barua za kikosi. Mshahara wa askari ulipochelewa, aliwalipa kwanza kwa fedha zake mwenyewe. Mtu aliyewahi kungoja dola kumi za nauli huku mkewe akifa alijua maana ya mshahara kuchelewa.

Mwaka 1867 alipewa nishani ya dhahabu katika maonyesho makubwa ya Paris. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule muda wa hati yake ya serikali ulikwisha, na tarehe 3 Oktoba akafa mjini Brooklyn, akiwa na umri wa miaka 48. Tangu hati ile kwisha muda wake, watu wote walikuwa huru kutumia uvumbuzi wake. Cherehani zikaenea duniani, zikafika na pwani hii ya mashariki, nyingi zikiwa zimeandikwa jina la Singer kwa herufi za dhahabu; jina la Howe halikuandikwa.

Walakini jina si kitu kikubwa kwa mwenye suruali iliyotoboka. Mama asiye na fedha ya kununua nguo mpya huipeleka ile ya zamani kwa fundi barazani, na mtoto huenda shule asubuhi pasipo haya. Taabu aliyoiona Elias Howe usiku, kando ya taa ya mkewe, imepunguzwa katika nyumba nyingi asizozijua, ingawa hakuwahi kuipunguza katika nyumba yake mwenyewe. Mtoto apitaye mbele ya baraza na kusikia mlio wa cherehani, na akumbuke mikono ya yule mwanamke, maana hapo ndipo kazi yote ilipoanza.